Ebenyo wa Miwili Yatosha

Miaka ile ya tisini, ukifika Lodwar ukauliza nyumbani kwa Ebenyo, ulijibiwa kwa swali: Ebenyo yupi, mwenye mbuzi au mwenye karatasi? Wetu ni huyu wa karatasi. Mbuzi alikuwa nao zamani, lakini waliisha mmoja baada ya mwingine, wakigeuka nauli ya kwenda kuwahutubia watu ambao hawakumwita.

Ugonjwa wake ulianzia Nariokotome. Alikuwa karani wa baraza, akatumwa kule kupeleka barua, na mzungu mmoja mchimbaji wa mifupa ya kale akamwachia gazeti kuukuu la kwao Marekani. Humo Ebenyo alisoma, kamusi mkononi, habari za watu waliochoka na wakubwa wao. Walikusanya saini wenyewe, wakaandika sheria wenyewe, wakaipigia kura wenyewe, na sheria ikasema kiongozi akae miaka kadhaa kisha aende nyumbani akalee wajukuu. Mwisho wa ukurasa iliandikwa kwamba habari inaendelea ukurasa wa thelathini na nane. Ukurasa wa thelathini na nane mkewe Akoru alikuwa ameshafungia samaki wakavu watatu, na mteja ameshapanda lori la Kitale. Kwa hiyo Ebenyo hakujua kamwe mambo ya wale watu yaliishia wapi. Aliamua yaliishia vizuri.

Mwaka uleule Katiba ya Kenya ikawekewa kifungu kwamba rais asizidi mihula miwili. Ebenyo akaona dunia nzima imeanza kumwelewa. Aliacha ukarani, akanunua kipaza sauti cha mkono na kidau cha wino wa vidole, akatoka. "Mwaka wa kwanza mtu hujifunza kazi," alikuwa akisema, "wa pili anaifanya, wa tatu anaanza kuila. Miwili yatosha!" Alitaka kila mwenye cheo awekewe kikomo, kuanzia rais hadi mshika kengele ya shule, na kila jambo kubwa liamuliwe na wananchi kwa kura, bila kumpigia mtu magoti.

Alianzia kwenye kwaya ya kanisa, kwa sababu mwalimu wa kwaya alikuwa na miaka kumi na minne kazini. Walimsikiliza kwa heshima, wakasali, wakamtoa Ebenyo kwenye kwaya, ingawa ndiye aliyekuwa sauti ya nne peke yake. Akaenda soko la mbuzi la Kalemng'orok. Huko walikubali kura ya mlolongo: wanaomtaka mwenyekiti wapange mstari huku, wasiomtaka kule. Ebenyo aliwapanga saa tatu asubuhi, akahutubia mpaka saa sita, na kivuli cha mgunga kikahama taratibu kutoka mstari wake kwenda mstari wa mwenyekiti. Watu nao wakahama na kivuli. Mwenyekiti alishinda kwa kura zote ila moja, na hiyo moja ilikuwa ya Ebenyo, amesimama juani na kipaza sauti chake, kichwa kinamgonga.

Sasa kuna jambo lazima lielezwe, maana bila hilo hakuna hadithi. Kwa Waturkana kuomba si aibu. Mtu akikukuta, baada ya salamu ya ejok atakuambia nakinae, yaani nipe: nipe tumbaku, nipe kamba, nipe hilo shati. Shati humpi, lakini huwezi kumwacha mikono mitupu mbele ya watu ukabaki na uso. Unampa kilicho kidogo kuliko alichoomba, na kesho ni zamu yako kumwomba yeye. Ndivyo watu wanavyofungamana. Ebenyo peke yake, tangu lile gazeti, alikuwa ameapa hataomba kitu kwa mtu wala kwa serikali. "Anayeomba amejiuza," alisema. Hata kadi ya chakula cha msaada aliikataa. Na akiombwa yeye, alitoa hotuba. Watu wakamwogopa kidogo. Mtu asiyeomba, walisema, ama ni mchawi ama ni polisi.

Mwaka wa tisini na sita Akoru alimwita akamkalisha chini.

"Baba Amuria," alisema, "miaka minne mimi nauza samaki, wewe nauza maneno. Samaki inanunuliwa. Sasa ndugu yangu Lomuria kule ziwani Ferguson's Gulf anataka mtu ya kupasua samaki. Utaenda?"

Ebenyo alikuwa hawezi kunusa samaki mbichi bila kutapika. Tangu amwoe Akoru, alikuwa akilala upande ule upepo unakotokea.

"Nipe... hapana. Sikuombi," alisema. "Nakuarifu tu. Nimebakiza Kakuma. Kakuma nikishindwa, naweka kipaza sauti chini, naenda kupasua."

"Umesema wewe. Mimi sikukulazimisha."

"Nimesema."

Kakuma hakuichagua ovyo. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kisima cha mashine kilichochimbwa na wafadhili fulani walioondoka zamani, na mwenyekiti wa kamati yake, mzee Longor, alikuwa ameshikilia ufunguo kwa miaka saba. Aliuvaa shingoni kwa uzi wa shanga. Akiamka vizuri, maji yalitoka asubuhi. Akigombana na mkewe, maji yalitoka saa kumi. Siku punda wake alipougua, hayakutoka kabisa. Lakini wafadhili waliacha kitabu cha kanuni, na Ebenyo alikifukua kwenye rafu za baraza, kimeliwa na mchwa pembeni. Kifungu cha kumi na nne kilisema wanachama mia tatu wakiweka alama za vidole kuomba kura, kura itapigwa katika siku kumi na nne, na mwenyekiti hana la kusema. Ebenyo alikisoma mara ishirini. Katika wilaya nzima hapakuwa na kifungu kingine kama hicho. Kilikuwa kimekaa pale kikimsubiri yeye.

Alipanga meza yake mbele ya hoteli ya chai ya Mayen, mkimbizi wa Bor mwenye shingo ndefu na adabu nyingi, aliyekuwa akiuza chai ya mdalasini kwa wakimbizi na wenyeji bila ubaguzi. Ebenyo alitarajia vidole arobaini siku ya kwanza. Kufikia saa tano mstari ulikuwa umeteremka hadi kwenye mchanga wa mto Tarach. Watu hawakuuliza swali hata moja! Walifika, wakatoa kidole, wakasema jina, wakaenda kuwaita jirani. Mzee mmoja aliweka kidole chake, kisha akaweka cha pili kwa niaba ya marehemu mkewe. Akina mama waliwachovya watoto wachanga. Kijana mmoja wa kambi ya wakimbizi alipita mara tatu kwa majina matatu, na mara ya tatu alikuwa amevaa kofia.

"Hao watoto hawawezi kupiga kura," Ebenyo alimwambia mama mmoja.

"Andika tu," mama alimjibu. "Anakula."

Ebenyo hakulisikia vizuri jibu hilo, au hakutaka kulisikia. Siku ya pili jioni alihesabu vidole elfu moja mia tatu na kumi na viwili, na kisima kizima kilikuwa na wanachama mia sita. Machozi yalimtoka. Alijua watu wana kiu ya kujitawala, lakini hakujua ni kiu ya namna hii. Mayen alimletea chai asiyoiagiza, akasimama kando kwa heshima.

"Ustaz," alisema, "hii siku kumi na nne, ni kweli? Haibadiliki?"

"Ni sheria, Mayen. Haibadiliki."

"Alhamdulillah," alisema Mayen, ingawa alikuwa Mkristo, na akaenda kuwaambia wengine.

Siku ilipofika, Ebenyo alifika kisimani mapema na sanduku la kura la mbao alilolipaka rangi mwenyewe. Longor alikuwa ameshakaa kwenye ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana hukalia mchana na hulaza kichwa juu yake usiku, amejifunika blanketi lake jekundu, fimbo magotini, ufunguo kifuani. Watu wakaanza kuja. Walikuja kutoka mjini, kambini, na kule milimani, wakajaa uwanja mpaka ukingoni. Ebenyo aliwatazama kwa furaha, halafu akawatazama tena. Kila mtu alikuwa na gunia.

Wengine magunia mawili. Wengine madebe. Mwanamke mmoja alikuja na punda na matandiko ya kubebea. Hata Mayen alikuja, na chini ya kwapa lake palikuwa na gunia limekunjwa vizuri kama kitabu cha nyimbo.

"Mayen," Ebenyo alisema, "hilo gunia ni la nini?"

"Ya dura, ile mtama, ustaz. Ama ni mahindi?" Mayen alishusha sauti. "Mimi naleta moja tu. Mimi si mtu ya tamaa."

Hapo Ebenyo alielewa. Kakuma nzima, tangu kambi ifunguliwe, mtu aliyekaa kwenye meza na kidau cha wino alikuwa anaandikisha chakula. Hapakuwa na mwingine. Wino ukishika kidole, mahindi yanafuata, na hivyo ndivyo mtoto wa Kakuma alivyojua hata kabla ya kujua jina la chifu. Si vidole elfu moja mia tatu vilivyotaka kikomo cha mihula. Hata kimoja hakikutaka. Aliketi juu ya sanduku lake la kura, nalo likapasuka.

Longor alimwita kwa kidole. Alikuwa ameelewa tangu siku ya kwanza, na siku kumi na nne zote alikuwa akicheka peke yake.

"Kijana, usilie," alimnong'oneza, maana hakuwa mtu mbaya sana, alikuwa mwenyekiti tu. "Waambie mahindi iko njiani, lori imekwama Lokichar. Wapige kura kwanza. Watakupea. Mimi nimefanya hivyo mara tatu."

"Unanifundisha kukushinda?"

"Wewe utashinda leo. Kesho wakikosa lori, watarudi kwangu. Mimi nina haraka ya nini?"

Basi ilikuwa ni neno moja tu. Lori. Aseme lori, apate kura yake ya kwanza katika miaka minne, na Akoru asikie Lodwar kwamba mumewe ameshinda. Asiposema, kesho kutwa yuko Ferguson's Gulf, kisu mkononi, utumbo wa samaki umefika viwikoni. Ebenyo alishika kipaza sauti. Aliona sangara mbele ya macho yake, amefunua mdomo.

"Ndugu zangu," alisema. "Hakuna mahindi. Hakuna lori. Wino huu ni wa kura tu. Kama nilinyamaza mkadhani vingine, kosa ni langu."

Kiatu cha kwanza kilimkosa. Cha pili hakikumkosa. Watu walipiga kelele kwa Kiturkana, kwa Kidinka, kwa Kisomali, na kijana wa kofia alimtukana kwa Sheng ya Nairobi ambayo, bahati nzuri, Ebenyo hakuielewa. Mayen alikunjua gunia lake, akalitazama ndani, akalikunja tena. Longor alisimama akatangaza mkutano umefungwa, na kwamba kamati inaendelea kama ilivyo.

Lakini bibi mmoja hakuondoka. Aliitwa Nawoi, amekuja kutoka milimani kwa mguu tangu alfajiri, na shanga zake zilimfika mpaka masikioni. Alienda kwanza kwa Ebenyo, akanyoosha mkono.

"Nakinae. Mimi sirudi nyumbani na gunia tupu."

"Nyanya," Ebenyo alianza, "mtu huru haombi, mtu huru..."

"Huyu hana kitu," Nawoi aliwaambia wenzake, akampita. Akasimama mbele ya Longor. "Longor, nakinae etaba."

Longor alikuwa na furaha ya ushindi. Akafungua kikopo chake cha tumbaku, akampa. Hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa watu elfu moja waliotembea na magunia walikuwa wanamtazama akitoa.

Wa pili alikuja akaomba tumbaku, akapewa. Wa kumi aliomba kikopo chenyewe, kwa kuwa tumbaku ilikwisha. Mwingine aliomba blanketi. Longor hakutaka kutoa blanketi, akatoa fimbo. Mwingine akaomba blanketi tena, na kwa kuwa fimbo imekwenda, blanketi likafuata. Aliombwa mbuzi wake aliyefungwa nyuma ya nyumba ya mashine. Mbuzi hakumtoa, akatoa kamba, na mbuzi akaondoka mwenyewe. Zikaenda ndala za tairi. Ikaenda kofia yenye unyoya. Kila mmoja aliomba kwa adabu, kwa sauti ya chini, na nyuma yake mstari uliteremka hadi mtoni, uleule wa vidole. Mke wa Longor alitoka nyumbani kuona kulikoni. Akasimama kidogo, akajipanga mstarini.

Saa nane Longor alikuwa amebaki na shuka moja kiunoni, kigoda na ufunguo. Nawoi akarudi. Alitazama chini.

"Longor," alisema taratibu, "nakinae ekicholong."

Kigoda cha mwanamume hapewi mwanamke. Longor angempa kichwa chake kwanza. Lakini kumkatalia ajuza mbele ya umati bila kumpa kitu kidogo badala yake, hilo nalo halikuwezekana. Alijipapasa kiunoni, kifuani, shingoni. Hakikuwapo kitu kingine. Alivua uzi wa shanga polepole, akamwekea Nawoi ufunguo mkononi, na alipoketi tena alikishika kigoda chake kwa mikono miwili.

"Si halali!" Ebenyo alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Hajapigiwa kura! Kifungu cha kumi na nne! Mzee Longor ana haki zake!"

Hakuna aliyegeuka. Nawoi alifungua mashine, mashine ikakohoa, na maji yakaruka kwenye bomba. Wanawake walikuwa wamekuja na magunia na madebe, na madebe ya mahindi hayajali kubeba maji. Kabla jua halijapungua, mwanamke mwingine alikuwa ameshamwomba Nawoi ufunguo, naye akaupata. Kwa wiki moja uliingia shingo tisa. Hakuna aliyekaa nao muda wa kutosha kuanza kuula.

Ebenyo alikaa juu ya mabaki ya sanduku lake. Aliumia, tena sana. Miaka minne alikuwa amelitaka jambo hili, na lilipotokea lilimpita kando bila kumsalimu. Tena alikuwa na kiu. Maji yalipita mbele yake debe baada ya debe, na hakuna aliyemkaribisha, kwa kuwa kule mwenye shida husema. Alijizuia mpaka midomo ikapasuka.

"Nyanya Nawoi," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayejifunza kuogelea, "nakinae."

"Nini?"

"Maji."

"Kumbe una mdomo," alisema Nawoi, akamjazia kikombe, akamtazama akinywa hadi tone la mwisho. Kisha naye akanyoosha mkono. Ebenyo alitoa vidole vyake vyote elfu moja mia tatu na kumi na viwili, akampa akawashie moto.

Aliporudi Lodwar alimkuta Akoru sokoni, anawafukuza nzi kwa ncha ya kisu.

"Umeshinda?"

Hakujua kudanganya, ndiyo shida yake. "Longor ametoka. Kura haikupigwa. Nimeshindwa, na ahadi ni ahadi." Akameza mate, na harufu ya samaki ikashuka nayo. "Akoru, nakinae."

Kisu kilimdondoka. Miaka kumi na moja ya ndoa, mtu huyu alikuwa amemwarifu, amemshauri, amemsomea vifungu. Hakuwa amemwomba hata chumvi.

"Unataka nini?"

"Mwaka mmoja. Kabla sijaenda kwa Lomuria."

Macho yakamlowa Akoru, jambo ambalo alilisingizia moshi. "Mwaka sina," alisema. "Nina miezi sita. Chukua. Na wewe nipe hiyo kitu ya kupigia kelele. Wateja wangu hawanisikii. Halafu nikwambie kitu: unga umekula miaka nne, ni ya kadi ya msaada. Nilijiandikisha mimi."

Ebenyo alimpa kipaza sauti, akaketi chini kwa sababu ya ile habari ya unga.

Miezi sita alizunguka bila hotuba. Alifika kwa mtu, akasema ejok, akanyoosha karatasi: nakinae kidole. Watu walimpenda ghafla, wakamkaribisha, wakamwuliza habari za mtoto. Lakini kidole ni kitu kikubwa, si cha kumpa mtu hivihivi, kwa hiyo walimpa kilicho kidogo zaidi. Alipata tumbaku, na kamba, na ngozi ya kulalia. Siku miezi ilipotimia alirudi nyumbani na vidole sita kwenye karatasi, na nyuma yake kuku wanne na mbuzi jike mwenye mimba.

Akoru aliwatazama kuku. Akamtazama mbuzi kwa makini zaidi.

"Muhula yako imeisha leo," alisema.

"Najua. Nimekuja kufunga mzigo."

"Nimekuongeza ingine."

Ebenyo alinyanyua kidole kwa mazoea ya miaka. "Huo utakuwa wa pili," alisema kwa uzito. "Baada ya huo ni Ferguson's Gulf. Kanuni ni kanuni."

"Baada ya hiyo," alisema Akoru, akiinama kumfunga kuku mguu, "utaomba."